Kilo Tatu za Maji Moto

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimerudi kazini. Miaka miwili ya kustaafu imetosha — nimefagia ua mpaka udongo ukaomba poo! Chuo cha wakunga kimeniita nifundishe kwenye chumba kipya. Zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Sasa kina kitanda kimoja, kamera nne ndogo kwenye pembe za dari, kompyuta, na miwani mizito kama ya mchomelea vyuma. Ukiivaa, stoo inapotea. Unajikuta wodini. Mama amelala mbele yako, anatoka jasho, anakutazama. Nilimwambia "Pole, mama" kabla sijajizuia. Kijana wa mitambo akacheka. Nimempa jina papo hapo: Fundi Miwani.

Anasema jina rasmi ni uhalisia pepe. Mimi naita ulimwengu wa miwani, basi.

Sababu ya yote haya naijua. Wanafunzi ni wengi, wodi ni moja. Mama mmoja anajifungua, wanafunzi sita wamemzunguka, wa nyuma anaona kisogo cha mwenzake. Wanamaliza mwaka hawajashika kichwa cha mtoto hata mara moja. Kwa hiyo mkuu wa chuo amewatafutia miwani. Vizuri.

Lakini mikononi wamewapa nini? Rimoti mbili za plastiki! Nyepesi kama maganda ya mayai. Unabonyeza kitufe — mtoto amezaliwa. Unabonyeza kingine — kitovu kimekatwa. Nikamwuliza Fundi Miwani, huyu mtoto ana uzito gani? Hana. Anateleza? Hapana. Ana joto? Akakuna kichwa.

Nimezalisha watoto elfu mbili mia sita na kumi na wanne. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kitufe.

Jumatano, 5 Februari

Nimeuliza swali moja tu na chumba kizima kimegeuka. Nilimwuliza Fundi Miwani, kompyuta inajuaje rimoti iko wapi? Akasema ndani yake kuna kidude, na kamera za darini zinakifuata kila kinapokwenda. Vidude vingine anavyo kwenye boksi. Vidogo kama vifungo vya koti, vina gundi mgongoni.

Je, ukikibandika kwenye kitu kingine? Kwenye kikombe, kwa mfano?

Akabandika kwenye kikombe changu cha chai. Nikavaa miwani. Kikombe hakionekani, naona rimoti inaelea mbele yangu. Nikaishika — ina joto, ina mkono wa kikombe! Nikamwambia, sasa badilisha picha, kifanye mtoto. Akabonyezabonyeza. Nikainua ninywe, nikajikuta nambusu kichanga chenye ladha ya chai na sukari.

Tumecheka mpaka mlezi wa bweni akaja kuchungulia. Lakini nimerudi nyumbani nikiwaza. Macho yanadanganyika upesi, hata hayajivungi. Mikono haitaki upuuzi. Mikono lazima uipe kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepekua nyumba nzima. Binti yangu amenikuta nimekaa sakafuni jikoni na mizani, skafu kichwani, vitu vimenizunguka kama nahama. Yeye ni mpima ardhi, mtu wa vipimo, nilidhani ataelewa. Wapi! Kashika kiuno chake, tumbo la miezi sita mbele, akatikisa kichwa.

Nilianza na kabichi. Uzito upo, lakini mtoto si kabichi, halegei popote. Nikajaza unga kwenye foronya, kilo tatu kamili. Afadhali kidogo, ila ulikuwa umepoa, nikajisikia vibaya kuushika. Nikauweka chini haraka.

Halafu mgongo ukaniuma. Nikaenda kuchukua ule mfuko wa mpira wa maji moto ninaojikandia. Nikaujaza, nikaubeba — nikasimama palepale katikati ya korido. Una joto. Unalegea. Na ukiuinamisha, maji yanakimbilia upande mmoja, uzito unahama, inabidi mkono mwingine uwahi. Mtoto mchanga ndivyo alivyo! Uzito wake haukai mahali pamoja. Miaka thelathini na minne nimekuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi jambo hilo, kumbe nalala nalo mgongoni.

Kichwa: mpira wa kuchezea, nimeutia mchanga. Nimeupima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita thelathini na nne. Shingo: taulo dogo nimelisokota, ili kichwa kianguke usipokishikilia. Mikono na miguu ni soksi zenye mchele. Mizani imesema kilo tatu na gramu mia mbili. Nimempaka maji ya bamia ateleze.

Binti yangu akasema, mama, kwa hiyo unafundisha watu kuzalisha mpira wa maji moto. Nikamwambia ndiyo, na mikono hiyohiyo ndiyo itakayokuwa wodini siku yako. Akasema thubutu! Wangu unampokea wewe, au sizai.

Mstaafu haruhusiwi kugusa mgonjwa, na hilo analijua. Lakini sikusinzia mchana wote nikiliwaza neno lake. Mtoto wangu mwenyewe haiamini kazi yangu!

Jumanne, 18 Februari

Darasa la kwanza. Oyee!

Ndoo ya lita ishirini nimeikata kitako, nimeilaza kitandani. Mdomo wake nimeuwamba kwa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, nimeupasua katikati. Hiyo ndiyo njia. Kitovu ni kamba ya kuanikia nguo niliyoizungushia mpira. Mkasi ni wangu wa kushonea, butu. Fundi Miwani amebandika vifungo vyake kila mahali. Mimi nakaa nyuma ya pazia, mkono ndani ya ndoo, nasukuma mtoto. Mama ni mimi! Mwanafunzi ndani ya miwani anamwona mzazi mzima, uso, magoti, shuka. Anachokishika ni vitu vya nyumbani kwangu.

Wa kwanza alikuwa yule tunayemwita Profesa, anayejua kitabu chote kwa kichwa. Alikuja anatabasamu. Nikasukuma. Kichwa kikatoka, akakipokea kwa vidole viwili kama anayechagua nyanya. Mwili ukafuata kwa kasi — telezi! Akamdaka kwa kumshika mguu, kwenye ukingo wa kitanda. Alipovua miwani shati lilikuwa limelowa. Akasema, Mama Mwalimu, yuko moto. Nikamwambia, ulitegemea nini, soda?

Tisa wamepokea, watatu wameogopa. Kati ya hao watatu yupo mmoja mwembamba, jina lake la utani ni Samahani. Anaomba radhi kwa kiti akikigonga. Anaomba radhi kwa mlango. Alipovaa miwani akamwomba radhi mama wa kwenye kompyuta kwa kumsumbua. Mtoto alipotoka, mikono yake ilikuwa inatetemeka hivi — akamwangusha. Puu! Mpira ukapasuka, maji sakafuni, mchele kila mahali. Yeye bado yumo kwenye miwani, anaona kichanga kimelala chini. Akapiga magoti kwenye maji akalia. Kilio cha kweli.

Nikamvua miwani, nikamfuta uso. Nilimwonea huruma sana. Lakini nakiri hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu: moyoni nilijivuna. Hakuna aliyewahi kulilia rimoti.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jioni nimenunua mipira mitatu.

Alhamisi, 27 Februari

Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Asubuhi wanafunzi wanne wamevaa miwani, wanaangalia mtoto aliyelazwa kitandani wakisubiri zamu. Mimi nilikuwa dirishani naongea na Fundi Miwani. Ghafla mmoja akapiga yowe. Mtoto anaondoka! Kweli, anasema, mtoto ameinuka kitandani peke yake, amesimama hewani, anaelekea mlangoni. Wa pili naye akapiga kelele. Mtoto amepita ukutani! Profesa akaanza kumfukuza, akajigonga kwenye kabati.

Tukakimbia koridoni. Ni mlezi wa bweni! Anatembea taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshikilia mtoto wetu mgongoni. Kichwa amekitoa, amekiacha kwenye kiti. Anasema mgongo umemkaba tangu juzi, akapita akaona mpira wa maji moto umetulia tu, bado una joto, hauna kazi.

Hauna kazi! Tumemnunulia wa kwake. Fundi Miwani ameandika kwenye mlango: KILA KITU HUMU NI MTU.

Jumatatu, 10 Machi

Leo amekuja Sista, mkuu wa wodi ya wazazi. Tulisoma darasa moja. Tumeshindana tangu wiki ya kwanza, nani atakunja shuka vizuri zaidi, na hatujaacha. Mimi nimestaafu, yeye ameongezewa muda. Hilo nalo ananikumbusha.

Amezunguka kitanda, mikono nyuma. Ameinua mguu wa soksi kwa vidole viwili. Akasema, kwa hiyo mwenzangu, siku hizi mnazalisha ndoo.

Nikamvalisha miwani bila kujibu. Nikaenda nyuma ya pazia. Nikasukuma — na sikumhurumia! Nilimpa kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, mara mbili. Akakipitisha juu ya kichwa bila hata kusita, akampokea, akamgeuza, akamfuta, akamweka kifuani pa mama. Mikono mizuri yule mwanamke. Na nilimsikia mwenyewe akiiambia ndoo, hongera mama, umejitahidi.

Akavua miwani. Akajifuta bamia. Akasema mchezo wa watoto. Kisha akatoa sharti lake mbele ya mkuu wa chuo: katikati ya mwezi wa nne wanafunzi wanakwenda kwake wodini. Wakishika vizuri, chumba kibaki. Wakibabaika, yeye anarudisha magodoro yake.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nimemwambia aanze kutafuta mahali pengine pa magodoro.

Jumamosi, 22 Machi

Wote wanakwenda vizuri isipokuwa Samahani. Kwenye mitihani ya maandishi ni wa pili baada ya Profesa. Nikimwita pembeni tukakaa wawili, anapokea bila shida. Darasa likiwepo, mikono inamtetemeka. Jana nimemwuliza. Akasema akihisi anaangaliwa damu inamwisha vidoleni. Ananiomba nimtoe kwenye orodha ya wodini, asiniharibie chumba.

Leo nimefanya ujanja. Nilimwita aje Jumamosi, nikamwambia tutakuwa mimi na yeye na Fundi Miwani tu. Akavaa miwani. Ukishaivaa ile huoni chumba, unaona wodi. Nikaashiria mlangoni. Wakaingia wenzake wote kumi na mmoja, miguu peku, viatu mkononi, wakasimama ukutani. Hata kukohoa hakuna. Nikaenda nyuma ya pazia nikasukuma.

Akapokea. Vizuri! Kichwa amekilinda kwa kiganja, akasubiri, bega la juu, bega la chini, mwili huo mkononi mwake. Akamfuta mgongo kwa taulo, akazungumza na mama kwa sauti ya chini. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu nikampa kitovu shingoni, akakitoa.

Kisha nikamwambia avue miwani.

Nilitegemea atacheka. Wenzake walianza kupiga makofi, naye akawatazama mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi. Akasema, Mama Mwalimu, umenidanganya. Akasema siku nyingine niambie nikatae mwenyewe. Akachukua mkoba wake akatoka.

Makofi yakafa. Nami niliona haya, maana alikuwa na haki. Lakini mikono yake nilikuwa nimeshaiona, na watu kumi na mmoja wameiona. Jioni nilikwenda bweni kumwomba radhi — mimi, kwake! Alinikaribisha akanipa kiti. Akasema amekasirika bado, ila kesho kutwa atakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimwahidi Samahani sitamdanganya tena. Kwa hiyo leo nimelitangazia darasa zima wazi: nitawapa bega. Bega lililokwama. Kichwa kimetoka, mwili umegoma, mtoto hapumui, una dakika nne au tano. Kati ya watoto wangu wote, arobaini na wawili walinifanyia hivyo. Arobaini na mmoja nimewatoa. Huyo mmoja sijawahi kumwandika na leo simwandiki.

Fundi Miwani akashtuka. Mama, programu haina hiyo! Nikamwambia, mimi ninayo. Nikaingia nyuma ya pazia, nikashika bega la mpira kwa ndani kwa mikono miwili.

Profesa alivuta kichwa. Nikamfukuza kitandani. Kichwa hakivutwi! Wa pili alisahau kuangalia saa. Akaja Samahani. Akasema kwa sauti, bega, andikeni saa. Akamwagiza mwenzake aikunje miguu ya mzazi — miguu ni mito miwili ya kochi langu — magoti yafike kifuani. Mwingine akabonyeza juu ya kinena. Sikuachia. Basi akaingiza mkono kutafuta mkono wa nyuma wa mtoto. Hapo miwani haimsaidii, ndani ya ndoo hakuna picha, ni giza. Ni vidole peke yake.

Akapapasa, akapapasa, akashika kidole changu! Akakivuta kwa ustadi wote, kama nilivyomfundisha, polepole, kupitia kifuani. Nusura anizalishe mimi. Nikapiga kelele, hicho ni changu! Darasa likaanguka. Hata yeye alicheka, akiwa bado na kidole changu mkononi.

Tukarudia. Safari hii akapata soksi yenye mchele. Akaikunja kiwiko, akaipitisha kifuani, usoni, nje. Bega likafunguka lenyewe, nikalisikia linaniponyoka. Dakika mbili na sekunde kumi. Mara ya nne dakika moja na nusu.

Siku hizi viti akivigonga haviombi radhi. Jina la utani limebaki tu kwa mazoea. Nimelala na kidole kimevimba na nina furaha sana.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki mbili wodini. Sista hajanipigia simu kunisifu, na hatanipigia hadi kiama. Lakini hajanipigia kulalamika pia! Leo nimempeleka binti yangu kupimwa, mimba imetimia, kichwa kimeshuka. Tukiwa kwenye benchi nilimsikia Sista ndani anamwambia daktari: nipe wale wa chumba cha ndoo, wanajua kushika. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilikuwa naficha meno.

Binti yangu naye alisikia. Akaniambia, hata hivyo, mama. Sista alipotoka akamwomba mwenyewe, kwa adabu zote: shangazi, siku yangu mama yangu aingie. Wanaitana shangazi na mwana tangu akiwa mdogo. Sista akanitazama juu mpaka chini. Akasema sheria ni sheria, halafu mganga hajigangi. Mama yako akiona damu yako atasahau hata jina lake. Atakaa nje na mumeo.

Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini nimekubaliana naye. Nilisema kwa mdomo. Moyo ulisema kingine.

Tulipofika nyumbani kwa binti yangu, akaniuliza swali kavu kavu, macho kwenye macho. Hao uliowafundisha kwa mpira wa mgongo, ungewapa mimi wanizalishe? Nikajibu ndiyo. Nilijibu haraka, kwa kiburi, na sasa nimekaa na jibu langu.

Jumapili, 4 Mei

Saa mbili asubuhi. Uchungu umeanza alfajiri. Tupo hospitali. Mkwe wangu amevaa viatu viwili tofauti, hajajua. Nimemtuma maji mara tatu ili atembee. Binti yangu anapumua vizuri, jasiri, anatukana kwa utaratibu. Sista yupo zamu. Mungu mkubwa.

Saa tatu na nusu. Njia imefunguka yote. Ameingizwa chumba cha kujifungulia, mlango una kioo cha ukungu. Nimebaki koridoni. Kwenye mlango alinishika mkono akasema mama njoo, na mimi nikauachia mkono wake. Sijawahi kufanya kitu kigumu hivyo.

Saa nne na dakika tano. Balaa. Chumba cha pili kuna mama anatoka damu nyingi, wamemkimbiza upasuaji na Sista amekwenda naye. Amepita hapa mbio, hakunitazama. Kwa binti yangu ameacha muuguzi mmoja na mwanafunzi wa zamu. Mwanafunzi wa zamu ni Samahani.

Saa nne na dakika kumi na sita. Nasikia kila kitu. Sauti yake ni tulivu. Sukuma, dada. Pumzika. Sukuma tena. Vizuri. Nampenda kwa sauti hiyo.

Nne na kumi na nane. Kichwa! Muuguzi amesema kichwa kimetoka. Mkwe ameruka.

Hakuna kilio.

Najua ukimya huu. Usisukume, dada, anasema. Usisukume. Halafu kwa sauti kubwa: bega. Andika saa.

Naandika ili mikono hii isifungue mlango. Nimeshasimama. Kitasa kipo hapa, hakijafungwa. Magoti kifuani, dada, magoti! Kitanda kimeshushwa. Bonyeza hapa, anamwambia muuguzi. Si hapo. Hapa, juu ya kinena. Dakika moja.

Binti yangu ananiita. Mama! Mama ingia!

Mkwe anasema ingia basi, mama, si unajua wewe! Ndiyo najua. Najua kuliko mtu yeyote kwenye jengo hili. Nikiingia sasa yeye ataacha kazi anitazame, na mikono yake ataitoa. Nisipoingia na ikawa vinginevyo, nitaishi na benchi hili. Nimemwambia mwanangu ndiyo. Nilisema ndiyo!

Dakika mbili. Mlango umefunguka kidogo. Ni muuguzi, uso umelowa. Nimetumwa, anasema. Nikauliza umetumwa na nani. Na mkunga. Nikatazama koridoni nione kama Sista amerudi. Hajarudi. Mkunga ni Samahani. Anasema usiingie, mama, atakosa nafasi. Mkono wa nyuma ameshaupata.

Mlango umefungwa.

Nimekaa. Kutoka hapo ni kiwiko kwanza, kisha kifuani, kisha usoni. Usivute. Uache uje. Polepole, mwanangu, polepole.

Nimesema kwa sauti kumbe. Mkwe ananiuliza naongea na nani. Na mkunga wetu, nimemjibu. Dakika ya tatu sasa — kilio! Kilio cha mtoto!